Gari la zamani linagoma kuwaka likiwa moto: kinga ya joto, pampu ya umeme, mfumo wa cheche au stata?

Asubuhi Land Rover yangu, Series III ya petroli, inawaka papo hapo ninapogeuza ufunguo. Shida yake ilikuwa Segera. Nikitoka Tanga kwenda Dar nilizoea kusimama pale, nazima injini, nakunywa chai, na baada ya dakika ishirini nikirudi garini stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Nikisubiri karibu saa nzima linawaka kana kwamba halijawahi kusumbua.

Anayemiliki gari la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, anaijua hali hii, na anaujua pia ushauri unaoifuata. Wa kwanza anasema badilisha pampu, wa pili anasema koili inayozalisha umeme wa cheche, wa tatu anaapa ni erthi, yaani njia ya umeme kupitia chuma cha gari. Wote wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa gari alilolifahamu yeye. Mimi nilianza na pampu ya umeme, nikalipa na kufungiwa, na safari iliyofuata nikakwama palepale Segera. Ndiyo maana nimeziweka hapa njia nne zinazopendekezwa zaidi, nizilinganishe kwa vipimo vilevile, ili anayesita asitoe fedha mahali ambapo ugonjwa haupo.

Niseme mapema kwamba magari haya hayakuumbwa dhaifu mbele ya joto letu. Volkswagen Beetle ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ya Bert Shankland, dereva wa Tanzania, ilishinda 1966 na 1967, na Peugeot 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Gari lako likigoma leo, mara nyingi kuna kitu kimechakaa, kimebadilishwa vibaya au kimeondolewa na fundi aliyepita.

## Kwa nini ni baada ya kusimama

Gari likitembea, feni inavuta hewa, maji yanazunguka, na petroli baridi inayotoka kwenye tanki inapita kwenye pampu na kabureta bila kukoma. Ukizima, vyote hivyo vinasimama kwa pamoja ila joto la chuma linabaki. Linapanda juu, na chini ya boneti kunazidi kuwa moto kwa robo saa au nusu saa baada ya injini kunyamaza. Petroli huanza kuchemka kidogo kidogo kuanzia nyuzi joto 35 hivi. Kwa hiyo ile iliyobaki kwenye bakuli la kabureta au kwenye bomba linalopita karibu na ekzosi inaanza kutoa mapovu.

Kutoka hapo mambo huenda njia mbili zinazopingana. Petroli ikichemka ndani ya bakuli, inaweza kumwagika kupitia jeti (kitundu cha kupitishia petroli) hadi kwenye manifoldi, mabomba yanayoiingiza kwenye injini, na injini ikalowa. Au mvuke ujae kwenye bomba na pampu, bakuli likauke, na injini ikose mafuta kabisa. Dereva aliye kwenye usukani haoni tofauti: stata inazunguka, injini haiwaki. Dawa zake lakini hazifanani.

Wengine hutoa themostati, valvu inayodhibiti mzunguko wa maji, wakidhani wanapunguza joto. Kwa tatizo hili haisaidii, kwa sababu joto linaloleta shida huja wakati maji hayazunguki tena.

## Kabla ya kununua, jua kinachokosekana

Vipimo hivi vifanyike gari likiwa limegoma, palepale. Gari likishapoa ushahidi unapotea. Beba plagi moja ya akiba, spana ya plagi, na mita ndogo ya umeme.

Kwanza sikiliza stata. Ikizunguka kwa uzito, au ikitoa mlio wa "ta" mara moja na kunyamaza, habari ya petroli iache kwanza.

Ikizunguka vizuri, tafuta cheche. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi mmoja, ilaze iguse chuma cha injini mbali na kabureta, mwenzako apige stata. Cheche ya bluu yenye mlio inatosha. Ya njano na nyembamba, au isiyoonekana kabisa, imekupa jibu. Kukiwa na harufu kali ya petroli, fungua boneti usubiri upepo upite kabla ya kupima cheche.

Cheche ikiwepo, vua kifuniko cha chujio cha hewa, tazama ndani ya koo la kabureta na uvute kamba ya mafuta kwa mkono. Kama bakuli lina petroli utaona mchirizi mwembamba ukiruka. Usipouona, bakuli ni kavu. Ukiona petroli inadondoka yenyewe bila kuvuta kamba, au mvuke unapanda, petroli imechemka na kumwagika. Fungua plagi moja kuthibitisha: itakuwa imelowa na inanuka.

Wenye Land Rover za zamani wana bahati. Pampu yake ya asili ina kikombe cha kioo, na pembeni kuna mkono mdogo wa kupampu bila kuzungusha injini. Siku moja Segera, nikiwa nimeirudisha pampu hii ya zamani, nilipoichunguza kwa utulivu, niliona mapovu yakipanda ndani ya kioo kama maji ya chai yanapokaribia kuchemka. Nikapampu kwa mkono mara kumi. Haikuwaka. Nikafungua plagi: imelowa. Kwangu mapovu kwenye pampu yalikuwa dalili ya pembeni tu, shida kubwa ilikuwa juu, kwenye kabureta. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini pampu mpya niliyokuwa nimefungiwa awali haikuniponya.

Kuna mambo ya bure ya kukagua kabla ya njia yoyote kati ya hizi nne. Hakikisha choki inafunguka kabisa injini ikiwa moto, hasa zile za kujiendesha zenyewe kama kwenye Beetle. Hakikisha tundu la hewa la kifuniko cha tanki halijaziba. Pima tepeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu: zikiwa zimebana sana, valvu hazifungi sawasawa injini ikiwa moto na mgandamizo unapungua. Kwa Land Rover ya lita 2.25 ni milimita 0.25, kwa Beetle nyingi milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Nimeona gari limebadilishiwa pampu, koili na kabureta, kumbe ni tepeti.

## Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia maswali matano kwa kila njia. Inatibu dalili ipi hasa? Kazi yake ni kubwa kiasi gani, na vifaa vinapatikana? Inaleta hatari gani mpya? Inagusa asili ya gari kiasi gani, yaani unaweza kuirudisha ilivyokuwa? Na inamfaa nani? Bei sikuiandika kwa tarakimu, maana spea ileile hubadilika bei kutoka duka moja hadi jingine, lakini nitasema ipi ni nafuu na ipi inauma.

## Njia ya kwanza: kinga ya joto

Hapa namaanisha mambo matatu yanayoenda pamoja: kipande kisichopitisha joto kati ya kabureta na manifoldi, bati la alumini kati ya ekzosi na kabureta, na kuhamisha bomba la mafuta lisiguse wala kukaribia chuma cha moto.

Inatibu nini. Petroli inayochemka kwenye bakuli na kulowesha plagi. Inasaidia pia mvuke kwenye bomba, hasa bomba likiwa limepitishwa vibaya. Magari yenye manifoldi ya hewa na ya ekzosi upande mmoja yanaihitaji zaidi, kwa sababu kabureta inakaa moja kwa moja juu ya moto: Land Rover ya petroli ya silinda nne, Datsun 1200, Corolla zenye injini za familia ya K. Peugeot 404 na 504 zina manifoldi hizo pande mbili tofauti za injini, kwa hiyo ukiona kabureta yake inachemka, anza kwa kuuliza kwa nini injini nzima imepata moto kiasi hicho.

Kazi na vifaa. Hii ndiyo nafuu kuliko zote. Kipande hicho huchongwa kwa bakelaiti ngumu, aina ya plastiki isiyolainika kwa joto, unene wa milimita 6 hadi 12. Usikubali cha alumini, kinapitisha joto kama bomba, wala plastiki ya kawaida, italainika. Utahitaji bolti ndefu zaidi na gaskiti mbili, juu na chini. Kabla ya kuchonga, pima nafasi iliyobaki kati ya chujio cha hewa na boneti. Kwa kupima, weka donge la udongo wa mfinyanzi juu ya chujio, funga boneti taratibu, fungua, tazama limebanwa hadi unene gani. Bati la kinga likatwe lisiguse upande wowote. Hewa iliyo kati yake na ekzosi inazuia joto kuliko bati lenyewe. Bomba la mafuta liache upana wa kiganja kutoka kwenye ekzosi, na mpira wake uwe wa petroli kweli, siyo ule wa maji.

Wakati kabureta iko nje, angalia sindano ya floti (inayofunga petroli bakuli likijaa) na urefu wa petroli kwenye bakuli. Bakuli likijaa kupita kiasi, joto kidogo tu linatosha kuimwaga. Kwenye kabureta ya Zenith ya Land Rover kagua pia kama uso wa juu umepinda, maana kabureta ile ina tabia hiyo. Weka rula ya chuma juu yake na utazame mwanga unaopita chini. Yangu ilikuwa imepinda. Nilipoinyoosha juu ya kioo chenye msasa laini, nikaweka kipande cha bakelaiti na bati, Segera ikaacha kuwa kituo cha mashaka.

Hatari mpya. Gaskiti mbili ni sehemu mbili za kuvuta hewa. Injini ikianza kutetemeka ikisimama bila kukanyagwa mafuta, shuku hapo. Kwa wakazi wa baridi, Njombe, Lushoto au Limuru, kabureta iliyotengwa sana na joto huchelewa kupata moto asubuhi, na utashika choki kwa muda mrefu zaidi. Kwenye pampu ya mafuta kuwa mwangalifu zaidi: kipande kilicho chini yake kina unene maalumu unaoamua pampu isukumwe kiasi gani. Kwenye Beetle ukibadilisha unene huo unabadilisha kazi ya pampu yenyewe.

Asili ya gari. Inaondolewa kwa spana mbili, na gari linarudi lilivyokuwa.

Inamfaa nani. Mwenye plagi zilizolowa baada ya kusimama kwa muda mfupi, na mwenye gari la kawaida la kutembelea mjini anayetaka kuanza na hatua isiyoumiza mfuko.

## Njia ya pili: pampu ya umeme

Hii ndiyo ushauri wa kwanza wa mafundi wengi, nami sitaidharau kwa sababu haikunifaa. Kwa ugonjwa wake ni dawa nzuri sana.

Inatibu nini. Mvuke kwenye bomba na bakuli lililokauka. Pampu ya asili imefungwa kwenye injini, inapata moto pamoja nayo, na inavuta petroli kutoka mbali. Kuvuta kunapunguza mgandamizo ndani ya bomba, na mgandamizo ukipungua petroli inachemka mapema zaidi. Pampu ya umeme iliyowekwa karibu na tanki inasukuma badala ya kuvuta, kwa hiyo bomba zima linakuwa na mgandamizo na mvuke unashindwa kujitengeneza. Isitoshe, unageuza ufunguo, unasubiri sekunde chache, bakuli linajaa kabla stata haijazunguka.

Faida hii inaonekana zaidi tanki likiwa mbali na injini. Beetle tanki liko mbele na injini nyuma. Land Rover 109 ya Station Wagon tanki liko nyuma kabisa. Lakini Land Rover 88 ya kawaida, ile fupi, ina tanki chini ya kiti, hatua chache tu kutoka kwenye injini, na hapo faida ni ndogo. Inaonekana zaidi pia ukipanda milima mirefu: hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, ina mgandamizo mdogo kuliko ya Mombasa, na petroli inachemka upesi zaidi huko juu.

Kazi na vifaa. Gharama ya kati, kazi ya nusu siku kwa fundi makini. Kosa kubwa hutokea dukani. Kabureta za magari haya zinataka mgandamizo mdogo, kati ya PSI 2.5 na 4 (PSI ni kipimo cha mgandamizo). Pampu ya gari la injeksheni, hata ikiwa nafuu na imara, inatoa PSI 35 au zaidi. Itashinda sindano ya floti na kumwaga petroli juu ya injini yenye moto. Uliza muuzaji PSI, asipojua usinunue.

Pampu ikae karibu na tanki, chini ya usawa wa petroli, filta iwe kabla yake. Umeme wake upitie relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi yake. Ya zamani iondolewe na tundu lake lizibwe kwa bamba na gaskiti. Ikibaki inapitisha petroli na utando wake ukachanika siku moja, petroli itaingia kwenye oili.

Ukitaka kazi iliyokamilika, ongeza bomba la kurudisha mafuta kwenye tanki. Chujio lenye midomo mitatu, mmoja ukiwa na tundu dogo la kurudi, linafanya petroli izunguke muda wote, na mvuke unarudishwa tanki badala ya kukwama mbele ya kabureta. Datsun na Toyota nyingi za miaka ya 1970 zina bomba hilo tayari, na mara nyingi utakuta mtu alilikunja akaliziba. Kulifungua tena hakugharimu chochote, na wakati mwingine linamaliza tatizo bila pampu mpya.

Hatari mpya. Moto. Pampu ya injini husimama injini ikisimama. Ya umeme inaendelea kusukuma hata gari likiwa limepinduka na bomba limekatika. Kwa hiyo swichi ya kuikata, ya mgongano au inayosoma mgandamizo wa oili, iwe sehemu ya kazi yenyewe. Fundi akisema haina haja, tafuta mwingine. Hatari ya pili ni sindano ya floti iliyochakaa: ilistahimili pampu ya zamani, hii mpya itaizidi nguvu. Kama plagi zako zilikuwa zinalowa tangu mwanzo, utakuwa umeongeza maji kwenye mafuriko.

Asili ya gari. Inabadilika kiasi. Bamba na pampu vinaweza kuondolewa, lakini nyaya na matundu ya skrubu vinabaki.

Inamfaa nani. Mwenye bakuli kavu, tanki la mbali, safari ndefu za mwinuko, au gari linalokaa wiki nyingi bila kuwashwa.

## Njia ya tatu: mfumo wa cheche

Inatibu nini. Cheche inayopotea injini ikipata moto. Waya mwembamba ndani ya koili hupanuka, kinga yake iliyozeeka inavuja, na cheche inadhoofika, ikipoa inarudi. Kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kinacholinda pointi, inafanya vivyo hivyo. Dalili ya kipekee ni kwamba gari linaweza pia kumisi au kuzima likiwa linatembea, jambo ambalo petroli iliyochemka kwa kusimama hailifanyi mara nyingi.

Kazi na vifaa. Hapa kuna ngazi mbili, na watu huruka ya kwanza. Ngazi ya kwanza ni kondensa, pointi (swichi inayokata umeme wa koili ili cheche itoke) zilizorekebishwa milimita 0.4 kwa magari mengi ya kundi hili, kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) kisicho na ufa, na koili sahihi. Neno "sahihi" lina uzito. Koili za zamani ni za aina mbili: yenye takriban omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), inayopokea volti 12 moja kwa moja, na yenye omu 1.5 hivi, inayohitaji kizuizi cha umeme kabla yake. Ukifunga hii ya pili bila kizuizi itafanya kazi vizuri asubuhi na kuunguza kiganja chako mchana. Pima kwa mita kabla ya kufunga.

Ngazi ya pili ni kuondoa pointi na kuweka moduli ya elektroniki ndani ya distribyuta. Cheche inakuwa sawa muda wote, hakuna pointi za kusugua, taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, haihami.

Hatari mpya. Pointi zikichoka zinakuonya, na unaweza kuzisugua kwa msasa wa kucha kando ya barabara ukafika nyumbani. Moduli ikifa imekufa. Baadhi huungua ufunguo ukiachwa umewashwa injini ikiwa imezimwa, na nyingi huungua waya zikigeuzwa. Mwenye Land Rover ya kabla ya 1967 hivi akague betri kwanza, maana hizo nyingi erthi yake ilikuwa upande wa chanya, na moduli ya kawaida haitavumilia. Ukifunga moduli, bamba la pointi na kondensa ya zamani viwekwe kwenye kopo chini ya kiti. Na kondensa ya zamani inayofanya kazi usiitupe kwa sababu umepata mpya. Mpya nyingi za sokoni hazidumu.

Asili ya gari. Nje haionekani kitu, ila waya mmoja wa ziada.

Inamfaa nani. Ngazi ya kwanza inamfaa kila mtu aliyekosa cheche. Ya pili inamfaa anayeendesha kila siku mjini, karibu na gereji, asiyependa kurekebisha pointi.

## Njia ya nne: stata, waya na erthi

Inatibu nini. Stata inayozunguka kwa uzito au kutoa mlio mmoja tu injini ikiwa moto. Ukinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi joto moja. Stata iliyopata moto nyuzi 60 zaidi inakabili ukinzani ulioongezeka kwa karibu robo. Betri na nyaya nzuri hulimudu hilo. Nyaya zilizoota kutu hazilimudu.

Kazi na vifaa. Pima kwa mita wakati mwenzako anapiga stata. Kati ya nguzo chanya ya betri na bolti ya stata isipotee zaidi ya volti 0.5. Kati ya nguzo hasi na chuma cha injini isizidi 0.3. Ikizidi, safisha au badilisha waya wa upande huo. Mara nyingi ni ule mkanda wa erthi kati ya injini na chesisi, ambao fundi aliyeshusha injini alisahau kuurudisha. Kama stata inatoa mlio tu na haizunguki, relei inayopeleka umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi solenoidi (swichi ya stata yenyewe) inatosha. Beetle inajulikana kwa hili: umeme wa solenoidi unasafiri hadi mbele kwenye swichi ya ufunguo na kurudi nyuma, ukichoka njiani.

Jaribu na hili: chomoa waya wa koili, piga stata. Ikizunguka wepesi ghafla, taimingi imewekwa mbele mno na injini inajipiga yenyewe. Stata mpya haitakusaidia.

Hatari mpya. Karibu hakuna, ukiweka fyuzi na kufunga nyaya zisiguse ekzosi.

Asili ya gari. Haiguswi, isipokuwa ukinunua stata ya kisasa yenye gia, ambayo ndiyo inayouma bei katika kundi hili.

Inamfaa nani. Yeyote ambaye stata yake ni nzito, bila kujali gari.

## Uchague ipi, kulingana na hali yako

Plagi zimelowa, cheche ipo, unaishi Dar, Tanga au Mombasa na safari zako ni za foleni na vituo vifupi: anza na sindano ya floti na kinga ya joto. Wakati unakusanya vifaa, ukikwama kanyaga mafuta hadi chini bila kupampu, choki ikiwa wazi, piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia. Usimwagie maji manifoldi ya chuma iliyo moto, inaweza kupasuka.

Bakuli kavu, na unapanda Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu mara kwa mara: pampu ya umeme ya PSI ndogo, pamoja na bomba la kurudisha. Kwa dharura, kitambaa kilicholoweshwa kikiwekwa juu ya pampu ya mafuta na bomba lake kinatosha kukuondoa barabarani.

Gari unalipeleka kwenye maonyesho, kama Concours d'Elegance ya Nairobi, ambako waamuzi wanafungua boneti: relei iliyofichwa, koili sahihi, kondensa nzuri na kipande cha bakelaiti kilichopakwa rangi nyeusi havitakuletea shida. Pampu ya umeme fikiria mara mbili.

Unasafiri mbali na gereji, mbugani au shambani: baki na pointi na pampu ya asili yenye mkono wa kupampu kama unayo, na ubebe kondensa, koili na utando wa pampu wa akiba. Urahisi wa kutengeneza unazidi ubora wa kifaa ukiwa peke yako porini.

Dalili zimechanganyika, leo plagi zimelowa, wiki ijayo cheche hakuna: fanya njia ya nne na ngazi ya kwanza ya njia ya tatu kwanza, kwa sababu ni nafuu na haziharibu kitu, kisha upime upya.

Na kama gari linagoma mara moja tu kwa mwezi, weka daftari dogo kwenye kisanduku cha dashibodi. Andika siku, ulisimama dakika ngapi, kulikuwa na joto kiasi gani, tanki lilikuwa nusu au limejaa, stata ilizungukaje, plagi ilionekanaje. Mpe fundi daftari hilo kabla hajashika spana.